Kiatu Changu Ndani ya Motokari ya Konsuli

Ninyi wenzangu wa Shabunda mmeniuliza mara nyingi kwa nini nilienda Bukavu na dhahabu nikarudi bila dhahabu wala pete. Wengine mlifikiri niliibiwa. Wengine, nawajua, mlisema niliinywa. Leo nasimulia safari yote, na aibu yangu sitaificha.

Niliondoka kwa sababu moja tu. Binti yangu Faida alikuwa anafunga ndoa kule Bukavu, kwa shangazi yake, siku ya Jumamosi, na pete nilikuwa nimeziahidi mimi. Marehemu baba yangu alichimba dhahabu maisha yake yote akafa masikini, lakini aliacha kipande kimoja, kikubwa kama punje ya mahindi, akasema kiwe cha mjukuu wake wa kwanza atakayefunga ndoa kanisani. Sonara mmoja wa Bukavu alikubali kukiyeyusha na kutoa pete mbili nyembamba kwa siku moja.

Shida ilikuwa karatasi. Mnajua wenyewe, dhahabu isiyo na karatasi ya kuonyesha imetoka wapi inazuiliwa barabarani. Kuitafuta kwetu ni kwenda ofisini leo, kurudi kesho, kuambiwa chef, mkubwa wa ofisi, hayuko. Mimi mwalimu mzima, ninayefundisha watoto wa watu uraia, niliona uvivu. Nilijiambia kwamba karatasi ya nini wakati shemeji yangu ni Papa Deo.

Papa Deo ndiye mume wa dada yangu mdogo, Maman Neema, na ni dereva wa konsuli mmoja, balozi mdogo wa nchi ya nje, pale Bukavu. Motokari anayoendesha ina plaque, kibao cha namba, yenye herufi mbili, CC, yaani corps consulaire, kundi la makonsuli. Zile za mabalozi kule Kinshasa ziko na CD. Motokari kama hiyo hawaipekui. Nilimpelekea fundi wa viatu kiatu changu cha Jumapili, akatoboa kisigino, akaingiza punje ya baba, akapiga misumari. Nilitembea nacho nyumbani mara mbili tatu mbele ya mke wangu, naye akaniambia natembea kama bata.

Alhamisi asubuhi, uwanja wa ndege wetu. Walinipima kwenye mizani pamoja na mzigo wangu, kama kawaida, nikaketi juu ya magunia, nikafunga macho mpaka Kavumu, uwanja wa ndege wa Bukavu. Sitawadanganya, kila ndege ilipotikisika nilishika kiatu, sikushika rozari.

Kavumu, karibu saa nne. Papa Deo alikuwa ametoka kumshusha konsuli aliyesafiri siku ile, akanisubiri kwenye parking. Jamani, ile motokari! Nyeupe, imeoshwa mpaka unaona meno yako kwenye mlango. Mbele kulikuwa na kijiti cha bendera, lakini bendera yenyewe ilikuwa imevishwa kifuko cheusi cha kitambaa. Nilimwomba shemeji aivue kidogo, watu waone ninavyoingia mjini. Alitabasamu, akanieleza kwamba bendera ni ya konsuli mwenyewe: akiwa ndani inapepea, akishuka inavalishwa. Plaque ndiyo haivuliwi.

Kabla ya kunifungulia mlango alifanya kitu kilichonichukiza. Aliniomba niweke mzigo wangu wote juu ya kapoti, kifuniko cha injini. Akapekua mihogo, akapekua mashati, akafungua hata kopo la karanga nilizomletea dada yangu, mke wake mwenyewe. Nilimuuliza kama mimi ni mwizi. Hakukasirika, akaniita kaka mkubwa kama siku zote.

"Yaya, unisamehe. Huyu motokari, mu njia hakuna mwenye atamufouiller, hakuna mwenye atamupekua," alisema. "Ni mimi nafouiller kabla ya watu kupanda. Hata padri nilimufouiller. Uko na kitu ingine?"

"Sina kitu," nilisema, nikisimama juu ya dhahabu.

Akanifungulia mlango.

Njiani kutoka Kavumu nilionja ukubwa, na sikatai, ni mtamu. Polisi wa barabarani aliinua mkono kutusimamisha, akaona plaque, mkono uleule ukageuka saluti. Malori yalitupisha. Nilianza kukaa vizuri, nikaweka kiwiko dirishani. Nilimuuliza shemeji mambo yote ya plaque, naye alijibu bila kujivuna. Motokari hiyo iliingia nchini bila ushuru. Hakuna askari anayeruhusiwa kuikamata kwa kazi yake, hata siku ya fujo. Lakini ukigonga mbuzi wa mtu unalipa mbuzi, na ukiua mtu, herufi mbili hazikufufulii mtu. Alisema hivyo akipunguza mwendo, maana mbuzi walikuwepo kweli.

Kijiji cha Miti, kwenye barrière, kizuizi cha barabarani. Kamba imefungwa toka upande huu wa barabara hadi upande ule, na magari yamepanga mstari. Kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa ameshushwa na magunia yake matatu ya viazi, anayamwaga moja moja chini, wakala akipekua kwa kijiti. Huyo wakala wa madini alikuwa mzee mwenye kofia ya sufu, ameketi kwenye kiti cha plastiki. Alipoiona plaque yetu hakusimama. Aliishusha kamba kwa mguu tu, akaendelea na viazi. Tukapita juu ya kamba. Yule mama alituinulia macho, mikono imejaa udongo.

Nilicheka, nikamwambia shemeji kwamba hii ni raha. Hapo ndipo aliponisimulia. Dereva aliyemtangulia alipitisha vitu vya watu ndani ya motokari hiyohiyo. Siku ilipojulikana alifukuzwa, na kwa muda mrefu kila barrière ilimsimamisha konsuli na kumzungusha, plaque au si plaque. Papa Deo alianza kazi katika hali hiyo. Ilimchukua miaka kumi na moja kufika pale ambapo mzee wa Miti anashusha kamba bila kuinuka.

Alisema hayo kwa sauti ya kawaida, akiangalia barabara. Mimi kisigino kilianza kuniwaka. Nilijaribu kutazama migomba, nikajaribu kuhesabu makanisa. Wapi! Nilimwona baba, nikamwona yule mama wa viazi, nikaona watoto wanne wa dada yangu wanaokula kwa kazi hii.

"Shemeji, simamisha motokari," nilisema. "Iko kitu mu kiatu."

Alisimama kando. Nikaeleza yote: baba, Faida, Jumamosi. Hakunitukana, na laiti angenitukana. Alizima injini, akaweka mikono yote miwili juu ya usukani mpaka nikaisikia inapoa. Kisha akawasha na kugeuza kuelekea tulikotoka. Nilimshika mkono, nikamwomba. Nilimwambia tumeshapita, hakuna aliyeona, ni punje moja tu, tena ya harusi.

"Hawakuona kwa sababu wananiamini," alisema. "Lakini sasa miye nimeona."

Miti tena. Mzee mwenye kofia alianza kushusha kamba, kisha akashangaa kuona tunasimama. Papa Deo alishuka, akafungua milango yote minne na nyuma. Yule mzee alirudi hatua mbili, mikono mgongoni. Alidhani ni mtego. Alisema wazi kwamba hana ruhusa ya kuifungua motokari ya konsuli na hataki matatizo. Shemeji akamjibu kwamba haifungui yeye, anaifungua dereva, na mwenye kutoa kitu ni mimi.

Basi nikavua kiatu mbele ya watu wote wa mstari. Mwalimu, mwenye tai shingoni, soksi imetoboka kidole gumba kinachungulia. Kisigino kikagoma kutoka. Yule fundi wa kwetu anajua kazi, asiwadanganye mtu. Mwishowe mama wa viazi ndiye aliyeniazima kisu chake, akanishikia kiatu, akaniambia polepole, papa, utajikata. Punje ilipodondoka juu ya meza, watu walisogea kuitazama.

Mzee aliipima, akaandika, akaifunga ndani ya bahasha, akaandika jina langu juu yake, akanipa risiti. Nikileta karatasi ya kutoka Shabunda, nitaichukua. Nilimweleza kuhusu Jumamosi. Alisikitika kweli, lakini Jumamosi haikubadilisha kitu.

Bukavu, jioni ileile. Dada yangu alitukasirikia wote wawili, mimi kwa kuficha, mume wake kwa kurudi. Alimuuliza kama plaque ya wageni ina thamani kuliko mtoto wa ndugu yake. Faida hakupiga kelele. Alikaa jikoni akilia na kitambaa mdomoni, na kilio hicho ndicho kilichonichinja. Alikuwa amewaambia rafiki zake wote kwamba ataolewa na dhahabu ya babu. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi, nikajichukia.

Ijumaa asubuhi nilimkuta Papa Deo uani, mbele ya beseni, mkono umejaa povu la sabuni. Alikuwa anahangaika kutoa pete yake ya ndoa. Kidole kilikuwa kimenenepa tangu siku ya arusi yake, pete haikutaka kutoka. Alisokota, akakunja uso, akaongeza sabuni. Maman Neema alitoka na sufuria, akasimama, akamtazama kwa muda. Kisha akaweka sufuria chini, akachovya na yeye mkono wake ndani ya beseni.

"Tunawaazima," dada yangu alimwambia Faida, na sauti yake ilikuwa bado na hasira. "Hatuwapi. Za babu zikitoka, munaturudishia."

Faida alipiga magoti palepale kwenye povu.

Jumamosi, kanisani. Majirani walikuwa wamesumbua wiki nzima wakitaka bibi arusi aletwe na motokari ya CC, yenye maua juu ya kapoti. Shemeji alikataa. Motokari ililala ndani ya ua wa konsuli, funguo kwa mlinzi, na yeye alipanda vilima vya mtaa wa Kadutu kwa miguu, na suti yake, viatu vyekundu kwa vumbi. Padri alibariki pete mbili zilizokwisha kubarikiwa zamani. Ya bwana arusi ilikuwa kubwa, ikabidi akunje kidole ili isianguke, na alikikunja hivyo mpaka mwisho wa misa. Nililia, na sikujali nani ananiona.

Jumatatu, safari ya kurudi. Shemeji alikuwa anaenda Kavumu kumpokea konsuli, akanialika nipande. Nilikataa kwa heshima, nikachukua taxi. Nilitaka kupita Miti kama watu wengine. Kufika barrière, kabla mtu hajaniuliza, nilikuwa nimeshavua viatu vyote viwili na kuviweka juu ya meza. Mzee mwenye kofia alicheka mpaka akakohoa. Alinionyesha bahasha yangu ndani ya sanduku, jina langu juu yake, haijaguswa.

Tukiwa bado tunaongea, motokari nyeupe ilitokea, bendera imevishwa kifuko chake. Konsuli hakuwa ndani, palikuwa na dereva tu. Yule mzee aliacha maneno yangu nusu. Aliinuka kutoka kwenye kiti chake cha plastiki, akavua kofia ya sufu, akaenda mwenyewe mpaka mwisho wa kamba, akainama, akaifungua kwa mikono miwili. Papa Deo alipunguza mwendo, akampungia mkono wa kushoto. Kwenye kidole cha pete kulikuwa na alama nyeupe tu.

Nilijifunza nini? Nilienda nikidhani plaque ndiyo inayofungua barabara. Herufi ni za konsuli, lakini ile kamba Papa Deo aliifungua mwenyewe kwa miaka kumi na moja, na mimi nilitaka kuikata kwa kisigino kimoja cha kiatu.

Karatasi nimeipata jana. Nilirudi ofisini mara sita, chef hakuwepo mara tano. Kesho nasafiri nayo, ndani ya mfuko wa shati, mahali ambapo kila mtu anaiona. Kidole cha shemeji kimekaa wazi muda wa kutosha.