Uwanja wa Waashi Nilioupima Upya

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika na viatu vya ghala. Nilikuwa nimeachishwa kazi ya ghala mtaa wa Rexdale, kule karibu na uwanja wa ndege, na Mama Filomena, Mgoa wa Tanga, jirani yangu kwenye ghorofa, akasema klabu yao ya mpira inatafuta mtunza uwanja. Yeye ndiye alikuwa katibu.

Klabu ya Borgosecco ilianzishwa na waashi wa Kiitaliano waliotoka kijiji kimoja. Wiki nzima wanajenga nyumba za watu, Jumapili wanacheza, na hakuna aliyelipwa kucheza. Mwenyekiti alikuwa Mzee Attilio, mwashi mstaafu, vidole vyake vinene kama matofali.

"Hesabu unajua?" akaniuliza.

"Kidogo, mzee. Nimeishia darasa la tano."

"Inatosha. Hesabu yangu ina namba tatu tu."

Akachukua kamba. Mita tatu upande huu, mita nne upande ule. Ukiunganisha ncha ukapata tano kamili, kona yako ni ya mraba. Ukikosa, unarudia. Halafu unapima ulalo, yaani kukata uwanja mshazari toka kona hadi kona. Ulalo wa kwanza ukilingana na wa pili, uwanja hauna kasoro. Nilirudia kona moja mara sita siku hiyo, naye amekaa kwenye ndoo anakula chungwa.

Ninyi vijana mnaonijibu kwa Kiingereza, mnaoona mistari myeupe tu, jueni hili. Huku ughaibuni theluji inakaa miezi. Ikiyeyuka, mistari yote imekwenda, umebaki na tope. Kwa hiyo waashi walifukia vigingi vya chuma kwenye kona nne, chini kidogo ya majani. Kila mwaka mtunza uwanja anavitafuta, anavifunga kamba, ndipo anapitisha mashine ya chokaa. Bila vigingi, unaanza upya kabisa.

Mzee Attilio akafariki. Watoto wa waashi wakahamia mbali, timu ikajaa vijana wa mtaa wa Mount Dennis: Wakongo, Wajamaika, Wasomali. Wapo ambao hawakupenda, nami nawataja. Renzo Bottarel, Makamu Mwenyekiti. Na shemeji yake, Dino, dereva wa gari la klabu. Bottarel alikuwa na shule yake ya mpira kaskazini mwa jiji, akataka klabu ife ili nafasi yetu kwenye ligi iende kwake. Ligi ilishatuonya: uwanja ukikataliwa na mkaguzi siku ya kufungua msimu, tunafutwa.

Jumapili ya kufungua msimu nilifika asubuhi, mkaguzi anakuja saa nne. Kwenye kona nne nikakuta mashimo manne.

Mama Filomena akatokea na viatu vya kanisani. "Wewe Shabani, mbona umesimama kama mlingoti?"

"Mama, vigingi vimeng'olewa."

"Nani kang'oa?"

"Nani mwingine? Alama za tairi za Dino hizi hapa kwenye tope."

Akaweka mkoba chini. "Nipe ncha ya kamba. Misa ipo na ya jioni."

Magoli yalikuwa yamesimama kwenye zege, hayo hawakuyaweza. Nikavuta kamba toka katikati ya goli hili hadi katikati ya lile, huo ukawa uti wa mgongo. Kila mwisho nikapiga tatu, nne, tano, nikapata mstari wa goli, nikapima mita thelathini na mbili kulia na kushoto. Kona nne hizo. Ulalo wa kwanza ukauzidi wa pili kwa kiganja. Nikasogeza kona moja, tukapima tena. Mama Filomena anahema, ananitukana Kitanga, lakini kamba hakuiachia.

Mkaguzi alipofika chokaa ilikuwa bado mbichi. Akapima, akapima tena.

"Uwanja uko sawa," akasema. "Mechi ichezwe."

Bottarel, aliyekuwa ameegemea uzio, akaruka mbele, kahawa inammwagikia. "Haiwezekani! Huyu kapima bila vigingi!"

Mama Filomena akamgeukia taratibu. "Renzo, baba, sisi hatujamwambia mtu kwamba vigingi havipo. Wewe umejuaje?"

Waashi wazee waliokaa kwenye benchi wote wakamtazama. Dino akaanza kutembea kuelekea kwenye gari. Mmoja wa wazee akanyoosha mkono bila kuinuka: "Funguo, Dino. Acha hapo."

Tulishinda mbili kwa moja. Mwezi haukuisha, wanachama wakawaondoa wote wawili kwa kunyoosha mikono, na mikono ya vijana wa Mount Dennis ikahesabiwa pamoja na ya waashi. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Nimestaafu sijafika sitini. Goti limekwisha, tope la miaka yote liko humo ndani. Hakuna aliyeniomba radhi, na picha ya Bottarel bado iko ukutani kwa sababu eti ni historia. Sawa, ibaki. Lakini Borgosecco ipo na inacheza, na shule yake ilifungwa.

Mjukuu wake sasa ni winga wetu wa kushoto. Jumapili babu mtu anakuja, anasimama nje ya uzio, haingii. Namwona, simsalimii. Kijana akipiga krosi nzuri, napiga makofi kwa nguvu, babu asikie.