Jibini Iliyokorogwa

Jebet alikuwa na dharau isiyohitaji maneno. Ilikaa usoni, kwenye pembe moja ya mdomo, na ilikuwa imemtia taabuni tangu shule ya msingi huko Kapsabet. Doha, alikofika mwaka 2011 kufanya kazi ya ulinzi, uso ule ulimfaa: wanawake waliofunguliwa mikoba kwenye geti la hoteli hawakuthubutu kubishana naye. Alipohamishiwa juu, kwenye mkahawa wa Kifaransa wa ghorofa ya mwisho, ndipo uso ukawa hatari. Kazi ya huko haikuwa kubeba sahani tu. Ilikuwa kubeba sahani kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga wa mfalme.

Alihamishwa kwa majaribio. Msichana mmoja Mfilipino aliolewa ghafla akaenda zake, mkahawa ukahitaji mtu wa haraka, na Jebet alikuwa mrefu, nadhifu, na Kiingereza chake kilinyooka. Bwana Delmas, meneja wa mkahawa, alimweleza waziwazi: Novemba ikiisha ataamua. Akiridhika, Jebet atabaki juu. Asiporidhika, atarudi getini. Kwa Jebet neno geti lilikuwa na maana moja, nayo ni Agosti. Alikuwa amekwisha kula Agosti mbili chini ya turubai, upepo wa bahari ukimjia usoni kama mvuke wa sufuria iliyofunuliwa. Siku moja alizimia mbele ya gari la mgeni. Dereva alimpigia honi.

Kwa hiyo alijifunza jibini.

Alijifunza kwamba jibini laini hutolewa kwenye friji mapema, ikae juu ya ubao, baridi yake ipungue na ilegee. Delmas alisema inaamshwa. Alijifunza kwamba ile ngozi nyeupe ya juu, yenye vumbivumbi kama unga uliomwagika, ni halali kuliwa, na kwamba mgeni akiibandua hasemwi ila anakumbukwa. Alijifunza kupanga vipande kuanzia mpole hadi mkali, akizungusha sahani kama uso wa saa. Ile ya rangi ya chungwa, iliyonuka kama zizi baada ya mvua, ilikaa mwisho, na hapo wageni walitakiwa kufumba macho.

Harufu haikumsumbua. Alikuwa amekulia kwenye nyumba ambamo maziwa yaliharibiwa kwa makusudi na kwa ustadi. Mama yake alisugua ndani ya kibuyu kwa kijiti cha mti kilichoungua hadi kikawa mkaa, akamimina maziwa yaliyochemka yakapoa, akafunga kifuniko, akayasahau. Siku zikipita yakawa mursik, mazito, yenye rangi ya majivu, na ladha inayokupiga nyuma ya masikio. Mtu alimiminiwa kwenye kikombe, akanywa, akafuta mdomo, akanyoosha kikombe tena. Basi. Hakuna aliyesimama kutoa ushuhuda.

Alichokidharau Jebet ni kelele. Watu wazima walikata kipande cha ukubwa wa ukucha, wakakiweka ulimini, wakatazamana, kisha mmoja akasema anasikia nyasi kavu. Mwingine akasema hapana, ni uyoga. Wa tatu, daktari wa meno, akasema ni utoto wake. Chini kabisa, kwenye vumbi, winchi za Lusail, mji mpya uliokuwa ukijengwa, zilikuwa zikizunguka, na watu waliokuwa juu ya winchi hizo walikuwa wamekula wali wa mchana bila kusikia nyasi wala uyoga.

"Wewe Jebet, uso wako unaongea," Omondi alimwambia jikoni. Omondi, mhudumu wa kutoka Kisumu, alikuwa amekaa kwenye mkahawa ule muda mrefu kuliko viti. "Ufunge kidogo. Delmas akikuona, umeisha."

"Sijasema kitu."

"Ndiyo shida. Hujasema na tumesikia sote."

"Omondi, lakini niambie ukweli. Hii kitu ni maziwa, ama si maziwa?"

"Ni maziwa ya kupanda ndege, madam."

"Hata mimi nilipanda ndege. Hakuna mtu alininusa airport akafumba macho."

Omondi alicheka hadi akashika meza.

Nyumbani, maana yake chumba cha wafanyakazi katika mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, mwenzake wa chumbani alikuwa Rehema wa Tanga, aliyepiga pasi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli hiyohiyo. Rehema hakutaka shati la Jebet liguse kitanda chake.

"Shoga, umekuja na hao wazungu wako tena," alisema akifungua dirisha. "Soksi za askari aliyetembea kwa miguu toka Dodoma. Na watu wanavaa tai kwenda kula hiyo?"

"Wanavaa tai. Na wanalia."

"Wanalia?"

"Mmoja jana machozi yalimtoka. Alimkumbuka nyanya yake."

"Mungu amrehemu bibi wa watu," Rehema alisema. "Kufa kote huko, kukumbukwa kwa kinyaa."

Waliolia hivyo walikuwa kundi la watu kumi na mmoja waliokutana kila Alhamisi, meza ndefu ya dirishani. Wengine walikuwa Wafaransa, wengi hawakuwa. Waliongozwa na Madam Perrin, mwanamke mkavu wa miaka sitini hivi, ambaye mumewe alishughulika na gesi. Alichosifu kilisifiwa na meza nzima. Alichokataa kilirudi jikoni na nusu ya heshima ya Delmas. Delmas alimwogopa kama mtoto anavyomwogopa mwalimu wa hesabu, na alikuwa amemwambia Jebet kwamba Alhamisi ya mwisho ya Novemba ndiyo itakayoamua. Madam akitoka na furaha, Jebet anabaki.

Kulikuwa na mtu mmoja mezani pale ambaye Jebet alimdharau peke yake, kando na wenzake. Aliitwa Githinji. Alikuwa mshauri wa fedha, Mkenya wa Nyeri, mwenye miwani isiyo na fremu. Siku ya kwanza Jebet alimsalimia, "Habari ya jioni, mzee," naye akamtazama kana kwamba kijiko kimepiga chafya. Akajibu kwa Kiingereza kilichopitia puani kwanza. Githinji ndiye aliyesikia vitu vingi zaidi kwenye jibini. Alisikia ngozi, njugu, moshi, mvua ya Normandia, mahali ambapo, kwa kusikiliza mazungumzo yake mwenyewe, alikuwa hajafika.

Alhamisi yenyewe ikafika. Kila kitu kilikwenda vizuri, hadi jibini ya mwisho.

Ilikuwa ngeni, ya kwanza ya msimu, imeshuka kwenye ndege asubuhi hiyo, na Delmas alikuwa ameificha kama bibi harusi. Ilikaa ndani ya kiboksi cha mviringo cha ubao mwembamba, ngozi yake ikiwa na mikunjo kama shuka iliyolaliwa. Aina hii haikatwi. Ngozi inafunuliwa kwa juu, na mgeni anachota iliyo chini yake kwa kijiko. Delmas alijua hivyo, Omondi alijua hivyo. Ila Omondi aliitwa kufungua mvinyo, na Delmas, akiwa mbioni kwenda mezani, alimwambia Jebet maneno mawili tu: "Itayarishe, ilete."

Jebet alifunua ngozi. Akachungulia.

Pembeni ilikuwa imeyeyuka ikawa maji mazito. Katikati ilikuwa na mabonge. Kijiko kikizama upande huu kinatoka na uji, upande ule kinatoka na donge. Kilichomjia hakikuwa woga wa Delmas. Ilikuwa aibu. Kwao, mwanamke anayemimina mursik bila kukitikisa kibuyu vizuri, mgeni akapata bonge kikombeni, jina lake linafika kijiji cha pili kabla ya mgeni mwenyewe. Maziwa yaliyoganda hutikiswa hadi yawe kitu kimoja. Hilo halifundishwi, linajulikana tu, kama kutompa mgeni mgongo. Dharau yake kwa watu wa meza ile ilikuwa kubwa, lakini haikufika kuwapa mabonge.

Akachukua mwiko mdogo, akakoroga. Alikoroga ngozi, mabonge na maji yote, kwa mkono wa mtu aliyezoea, hadi ikawa laini, nzito, inayong'aa, moja. Akafuta ukingo wa kiboksi kwa kitambaa. Akaipeleka kwa mikono miwili.

Delmas aliona kabla ya wote. Damu ilimtoka usoni ikaenda pasipojulikana.

"Ah, hapana!" Githinji alisema kwa sauti, akiinuka nusu. "Hapana, hapana. Nani ameiharibu? Huu ni uhalifu. Hii haiguswi kwa mwiko, dada! Kwa nini mnaajiri watu wasiojua?" Lile neno dada lilimtoka kwa Kiswahili katikati ya Kiingereza chake, bila yeye kujua.

Delmas alianza kuomba radhi kwa lugha mbili. Alisema msichana ni wa majaribio, na leo ni siku yake ya mwisho. Alisema hivyo kwa urahisi, kama mtu anayesukuma sahani chafu kando.

Jebet aliisikia Agosti ikiteremka mgongoni mwake. Na kwa kuwa kazi ilikuwa imekwisha, uso wake ukajifungua wenyewe.

"Madam," alimwambia Perrin, "ilikuwa na mabonge. Kwetu, mwanamke akimpa mgeni maziwa yaliyoganda yenye mabonge, ni mvivu, au hamtaki huyo mgeni. Mimi si mvivu."

Macho yote yalimgeukia Madam. Yalikuwa macho ya watu wanaomngojea mmoja aamue wanachohisi. Madam Perrin alichukua kipande cha mkate, akakichovya, akatafuna. Alitafuna muda mrefu. Akachovya tena. Mara ya tatu hakufumba macho wala hakusema kitu, alikula tu, kama mtu mwenye njaa, na kwa kitambo kidogo Jebet nusura ampende.

Kisha akaharibu. "Ni ya kale," alisema. "Sikieni. Ni ladha ya wachungaji."

Mikono kumi ikaruka kwenye mkate. Mwenye utoto wake akaupata tena humo ndani. Mwenye uyoga akasikia uyoga, mtulivu zaidi. Githinji alikuwa amekwisha keti, na alikuwa anachovya haraka kuliko wote.

"Kwetu pia hufanywa hivi," aliwaambia, akifuta kidevu. "Nyanya yangu alikuwa na mkono huohuo. Lazima ikorogwe. Hilo nimekuwa nikilisema daima."

"Wewe ulisema uhalifu," Jebet alimwambia kwa Kiswahili.

"Tafadhali, dada," alijibu Githinji kwa Kiswahili safi cha Nyeri, bila kuinua macho, "si saa hii."

Delmas alikuwa na kipaji kimoja kikubwa: uso wake ulibadilika kufuata upepo upesi kuliko bendera za ufukweni. Alimvuta Jebet pembeni, karibu na pazia, na alipozungumza sauti yake ilikuwa na asali.

"Kila Alhamisi," alisema. "Mbele yao, mezani. Utasema ni desturi ya wachungaji wa kwenu. Ukiwa na shanga, vizuri zaidi."

"Shanga sina."

"Basi bila shanga."

"Na getini?"

"Geti gani?" Delmas alisema, na kweli alionekana hajawahi kusikia habari ya geti lolote.

Jebet alimtazama. Alifikiri kwamba mtu huyu, dakika chache zilizopita, alimtupa chini ghorofa zote bila hata kushusha pumzi. Alifikiri kuhusu watu wale, ambao wangesifu hata sabuni kama Madam angeichovya. Kisha alifikiri kuhusu Agosti, na kiburi kikajua mahali pake.

"Nitafanya," alisema.

Mezani, Madam Perrin alikuwa tayari anagonga glasi. Jikoni kulikuwa na kiboksi cha pili, na alitaka kuona. Sasa hivi, wote waone. Omondi alikileta kwenye trei, midomo ameibana, macho ameyapandisha darini kama mtu anayeomba nguvu. Ngozi ikafunuliwa. Vichwa vikasogea. Simu mbili tatu zikainuliwa kupiga picha.

Jebet alishika mwiko, kisha akauweka chini.

"Kwetu," alisema, "anayekoroga hukaa. Na wanaongoja husimama."

Ulikuwa uongo mtupu. Mama yake alitikisa kibuyu akiwa wima, mtoto mgongoni, akimfukuza mbwa kwa mguu. Delmas alitazama huku na huku akitafuta kiti cha ziada, na hakukuwa na kiti cha ziada. Viti kumi na kimoja, watu kumi na mmoja. Madam Perrin alimgeukia mjuzi wa mambo.

"Ni kweli hivyo, Bwana Githinji?"

Githinji alimeza. Aliuangalia mwiko, akamwangalia Jebet, ambaye pembe moja ya mdomo wake ilikuwa imeanza kupanda. Angesema hapana, yule nyanya mwenye mkono huohuo angekufa mara ya pili.

"Ndiyo," alisema. "Ndiyo, hukaa. Nimekuwa nikitaka kusema."

Akasimama, kitambaa bado kikiwa shingoni, akavuta kiti chake nyuma, akampisha. Wengine wote wakainuka. Jebet aliketi, akavinyoosha viatu vyake vyeusi chini ya meza, akajiweka sawa. Akachukua mwiko. Akaanza kukoroga, taratibu sana, kwa mkono wa mtu asiye na pengine pa kwenda jioni hiyo, na watu kumi na mmoja wamesimama wakimzunguka, mikate mkononi, wakingoja.