Ng'ombe Aliyepotelea Hewani

Nichekeni tu, maana hadi leo nikipita Endulen kuna watu wananiuliza, kabla hata ya salamu, kama yule ng'ombe ameshafika.

Asubuhi ile niliamka Karatu sina mpango wowote, nikaona fuso la unga linaelekea Endulen, nikadandia, begini nina simu mbili zenye vioo vilivyopasuka na gemu niliyoitengeneza mwenyewe (shule niliiacha mapema, lakini kitu chenye umeme sikiachi mpaka kinipige shoti). Wanacheza wawili, kila mtu na simu yake, simu moja inairushia nyingine mtandao; mpira ukitoka ukingoni mwa kioo chako unaingia changu, naurudisha kwa fimbo. Njiani nikajiona mjanja, nikaufuta mpira nikaweka ng'ombe mwekundu mwenye baka jeupe, ili wenyeji wanipende nipate pa kulala.

Kwenye mgahawa wa Mama Neema niliwakuta Mzee Lemayan na Mzee Koinet wakinywa chai, ndiyo kwanza wamepatanishwa baada ya kununiana muda mrefu.

"Wachangamshe hao," Mama Neema akaninong'oneza. "Wakicheka, stoo yangu ina godoro."

Wangecheza palepale mezani yangeisha salama, lakini mimi na sifa! Nikampa kila mzee simu moja, nikamwambia Mzee Koinet aende na yake hadi nyuma ya zizi, aone ng'ombe anavyosafiri bila miguu.

Mzee Lemayan akamswaga ng'ombe kwa fimbo, ng'ombe akatoka kwenye kioo, mzee akasimama kwa furaha akapaza sauti: "Pakiteng!" (Kimaasai, ukishampa mtu ng'ombe mnaitana hivyo, majina yenu mnayaweka kando.)

Sauti ikatoka zizini: "Usiniite hivyo! Sijapokea kitu!"

"Nimetoa, watu wameona!"

"Ndivyo ulivyo, unatoa kwa mdomo!"

Kwa umbali ule, mtandao ulikuwa umekatika. Koinet akarudi amefura kwa hasira, watu wakajaa, mmoja akaanza kutafuta kwato vumbini, na mimi kwa upumbavu wangu nikajieleza: "Wazee, ng'ombe yuko katikati. Yuko hewani."

"Hewani anakula nini?" Koinet akauliza.

Mama Neema akaingia stoo akafunga kwa kufuli, godoro likabaki ndani. Lemayan akanitazama, akamtazama mwenzake.

"Kwangu hayupo. Kwako hayupo. Basi kapokea huyu wa katikati."

Koinet akaangua kicheko hadi akashika meza. "Pakiteng!" akaniita. Lemayan naye, "Pakiteng! Twende kwangu, utalala na ndama mpaka ng'ombe wetu afike."

Wakanisindikiza wote wawili, wameshikana mikono, mimi mbele kama mshtakiwa. Nikapewa ngozi ya kulalia na kibuyu cha maziwa, ndama mmoja akanilamba sikio, na hapohapo nikaapa kuurudisha mpira kwenye gemu. Mpira ukipotea hewani, hakuna anayeuliza unakula nini.