Nilimuuliza Eleni pa kula Ugiriki

Jamani, leo nilitamani ardhi inimeze.

Jumamosi nasafiri kwenda kisiwa kimoja cha Ugiriki, siku tano za ufukweni. Mnajua nilivyoisubiri hii likizo!

Kazini tunaye dada Mgiriki, Eleni. Tunasafisha naye ofisi huku ughaibuni, mtaa wa Porte de Namur, na kwao ni kisiwa hicho hicho.

Nikamuuliza kwa bashasha, "Nile wapi? Na pesa nibebe vipi?"

"Beba taslimu, noti ndogo ndogo. Kwenye mashine za benki kuna foleni. Migahawa ya ufukweni ni ghali. Panda juu mpaka kanisani, ulizia mgahawa wa mama yangu."

"Ana samaki?" Mimi na tamaa zangu.

"Alikuwa nao. Mgahawa tumeufunga mwezi uliopita."



Akaendelea, taratibu, "Atakupikia tu, ndivyo alivyo. Usikatae, utamuumiza. Ila kula kidogo, umwambie umeshiba. Pensheni yake imekatwa. Hicho utakachopakuliwa ndicho chakula chake cha siku."

Kisha akaendelea kudeki.

Nimefika nyumbani, nimetoa jozi mbili za viatu sandukuni, nimetia mchele na dengu.

Niambieni, mama wa Kigiriki nimwekee nini kingine?