Nesi Akroyd na Lango la Pike

Nesi Thirza Akroyd alikuwa na mikono ya mwanamke wa kiwandani, na ulimi wake ulifanana na mikono yake. Wazazi wake walikuwa wafumaji wa sufu. Yeye aliacha shule akiwa na miaka kumi na minne, akafuma miaka sita, kisha akaenda kusomea uuguzi na ukunga huku wenzake wakimcheka kwamba anatafuta ubibi. Aliporudi bondeni kwetu, wilaya ilimpa baiskeli. Kwa baiskeli hiyo alizalisha akina mama kwa miaka kumi na minane, na kwa kuwa Yorkshire yetu, kaskazini mwa Uingereza, ni vilima juu ya vilima, nusu ya miaka hiyo aliisukuma.

Mwaka wa 1960 wilaya ikampa gari, Mini ya rangi ya majivu. Nalijua vizuri kwa sababu gereji iliyo kando ya daraja ni yangu, na tangu siku hiyo halikuguswa na fundi mwingine.

Niseme ukweli: nilipofungua boneti mara ya kwanza nilidhani wamelikosea kiwandani. Injini ilikuwa imelazwa upande, na paa la gari lenyewe lilinifika kifuani. Nilicheka. Halafu nikaliendesha hadi kanisani na kurudi, nikaacha kucheka. Miaka michache nyuma, ule ugomvi wa mfereji wa Suez ulipotukosesha petroli na tukagawiwa kwa vibali, wakubwa wa kiwanda walimwambia mhandisi wao atengeneze gari dogo la kweli, lisilo na tamaa ya mafuta, lakini libebe watu wazima wanne. Yule bwana aliilaza injini, akasukuma magurudumu hadi pembeni kabisa, akaweka mipira mahali pa springi, na nafasi yote iliyobaki akawapa watu. Lilishika barabara kama paka anavyoshika pazia. Baadaye matajiri na waimbaji wa London walilipenda likawa fasheni. Kwetu lilikuwa gari la nesi, la mwalimu na la fundi bomba, yaani watu wanaopaswa kufika.

Mlango ulifunguliwa kwa kuvuta kamba. Mfuko wa mlango ulikuwa mpana, na Nesi alijaza humo pamba, makasi na chupa ya chai. Mashine ya gesi ya kupunguza uchungu ilikaa kiti cha nyuma kama abiria. Gari lilikuwa na ugonjwa mmoja, mvua. Distributa, pale moto wa plagi unapogawanywa, ilikaa mbele kabisa nyuma ya wavu, na maji yakiingia gari linakufa. Dawa tuliijua sote: glavu ya mpira. Unakata ncha za vidole, unapitisha waya moja kila kidole, unaifunika distributa. Nesi aliifanya mwenyewe kwa glavu za kuzalishia.

"Nesi, hiyo ni mali ya wilaya," nilimwambia siku moja.

"Na mvua ni mali ya nani, Hedley?"

Watu walimtania, hasa wanaume wa kwenye baa. "Nesi, angalia usilikanyage, likanase kwenye soli." Alimtazama aliyesema. "Wewe nilikutoa tumboni ukiwa mdogo kuliko injini yake," akasema, "na kelele ulizidi." Mzaha wa gari ukapungua baada ya hapo.

Shida ilianza kwa sababu ya ukweli. Desemba ya 1961 aliteleza kwenye barafu akagonga ukuta wa mawe, taa moja ikavunjika. Mtu mwenye akili angenipa taa niibadilishe akanyamaza. Yeye aliandika ripoti, mstari kwa mstari, akaituma mjini. Kilichorudi ni amri. Magari ya wilaya yasivuke Lango la Pike kuanzia Desemba hadi mwisho wa Machi, kwa kuwa magari hayo madogo hayafai kwa mlima. Mama mjamzito aishiye juu ya lango ateremshwe hospitali ya mjini wiki mbili kabla ya siku zake.

Lango la Pike ni lango la ng'ombe tu, pale mlima unapoanza. Juu yake kuna mashamba kumi na moja. Nilipoisoma ile karatasi damu ilinichemka, maana aliyeiandika hakuwahi kukama ng'ombe wala kuwa na watoto watano na mume mmoja. Nani atakaa wiki mbili kitandani mjini, ng'ombe wakamwe na nani? Na hizo siku zenyewe nani anazijua kwa hakika?

"Mtoto hasomi kalenda," Nesi alisema, akaikunja karatasi akaiweka chini ya buli la chai.

Majira yale ya baridi alivuka lango mara sita. Majira yaliyofuata, ile baridi kuu ya 1963 ambayo mito iliganda, alikuwa amevuka mara nne kufikia katikati ya Januari. Na kila mara aliandika kwenye daftari lake la kazi, kwa herufi kubwa: NIMEVUKA LANGO. Nilimuuliza kwa nini anajichongea. Alisema kuvuka kwa kujificha ni kukubali kwamba amekosea, na yeye hakuwa amekosea.

Basi wakamtuma Bwana Tranter. Alikuwa mtu wa usafiri wa wilaya, miaka thelathini na tano hivi, mpole, kofia nzuri. Alifika gereji yangu Alhamisi saa tano asubuhi katika gari refu jeusi ambalo mimi na jirani tulilisukuma kwa mabega ili lipande hata hako kamwinuko ka uani kwangu. Nesi alikuwa hapo anakunywa chai yake ya vijiko vitatu vya sukari.

"Nesi Akroyd," Tranter alisema, "unajua nilichokuja kuchukua."

"Kama ni chai, ipo."

"Ni funguo. Kuanzia leo utafanya kazi huku chini kwa basi. Nasikitika sana."

"Husikitiki. Umevaa kofia mpya."

Simu ikalia. Alikuwa Amos Sugden wa shamba la Hagg Top, juu kabisa. Lettie mkewe ameshikwa na uchungu, wiki tatu kabla ya siku, na maji yameshamwagika. Trekta haliwaki, dizeli imeganda imekuwa uji. Nilimpa Nesi simu. Aliuliza maswali mawili, akasema, "Mlaze kwa ubavu. Nakuja," akaikata.

Tranter akaomba simu aite gari la wagonjwa. Hakuwa mtu mbaya, alifanya alichofundishwa. Walimjibu kwamba gari la wagonjwa limekwama maili mbili chini yetu na linasubiri kuchimbuliwa.

"Tusubiri," akasema.

"Mtoto wa nne wa Lettie alikuja kwa dakika hamsini," Nesi alisema, huku anavaa koti. "Huyu ni wa sita. Hedley, lete beleshi na gunia la majivu."

Tranter akaenda kusimama mbele ya ile Mini. Nilimhurumia, maana alionekana kama anayezuia treni.

"Siwezi kukuruhusu, Nesi. Ukiumia huko, mimi ndiye nitakayeulizwa."

"Na Lettie akifa, ataulizwa nani?"

Tranter alisogea kando hatua moja.

"Basi panda, kijana. Uje uulizwe vizuri."

Akapanda. Mimi nilijikunja nyuma na mashine ya gesi magotini. Tulifungua lango tukaingia. Amos alikuwa ameisafisha barabara kwa trekta siku mbili nyuma, lakini kilichobaki chini kilikuwa kioo kitupu. Tulipanda hatua mia, magurudumu yakazunguka bure, tukarudi nyuma taratibu mpaka langoni. Akajaribu tena, tukarudi tena.

"Umeona sasa?" Tranter alisema. "Halifai kwa mlima."

Nesi aligeuza gari makalio yakatazama juu, akatia gia ya nyuma. Hili si jambo la ajabu, kila dereva wa Mini mlimani kwetu analijua, ila mjini hawalijui. Gari hili huvutwa na magurudumu ya mbele. Likipanda kwa uso, uzito wote hukimbilia nyuma na mbele pakawa pepesi. Likipanda kinyumenyume, uzito hulalia magurudumu yale yale yanayofanya kazi. Alisukuma kioo cha dirisha, akatoa kichwa nje akitazama nyuma, na tukaanza kupanda.

Tulifika kwenye kona ya nusu njia, pakali kuliko pote. Hapo magurudumu yakaanza tena kulia.

"Hedley, toka, wewe ni mzito mahali pasipofaa. Mwaga majivu. Na wewe, Bwana Tranter, kaa juu ya boneti."

"Nikae wapi?"

"Juu ya boneti. Kilo zako nazihitaji hapo mbele. Shika vifuta-maji, usivivunje, ni mali ya wilaya."

Akaenda akakaa. Nitakufa na picha ile: ofisa wa wilaya na kofia yake na tai yake, miguu inaning'inia mbele ya taa, anatazama bonde lote likiteremka mbali naye, huku injini inanguruma chini ya makalio yake. Nami natembea kando nikimwaga majivu. Tulikwenda hivyo maili moja na robo, tukaingia uani Hagg Top kwa makalio, na Nesi alikuwa ameshaingia ndani kabla injini haijazima.

Mtoto alizaliwa baada ya dakika ishirini na tano, msichana, kitovu kimemzunguka shingoni mara mbili. Nilimsikia Nesi kupitia mbao za dari, hana haraka hata kidogo. "Usisukume, Lettie. Acha. Acha nikwambie." Kisha kimya kirefu ambacho Amos alikitumia kushika meza. Kisha kilio. Mimi nililia, na sioni haya kusema.

Tranter alikuwa karibu na jiko anakausha suruali. Nesi aliposhuka akinawa mikono, alisimama.

"Umefanya kazi njema," alisema, na naamini alimaanisha. "Lakini amri ni amri. Nimetumwa funguo."

Amos alimjia juu, nikamzuia. Hata mimi nilitaka kumpiga. Nesi alikausha mikono, kidole kwa kidole, akamwekea funguo mezani.

"Ni za wilaya," alisema. "Chukua. Mimi nitateremka kwa miguu yangu, hiyo haikuandikwa kwenye daftari lenu."

Na aliteremka kweli, kibegi mkononi, miaka hamsini na moja, nami nikimfuata na mashine ya gesi begani. Tranter alitupita akiendesha polepole, akasimama, akafungua mlango. Nesi alimpita bila kugeuza shingo. Nilimwomba Mungu kijana yule aingie mtaroni. Haki yake nampa, alifika salama.

Jumatatu Nesi alikuja gereji. Nilikuwa na Mini ya kijani ya mwalimu aliyehamia Leeds. Nilimwambia anunue gari kubwa kidogo kwa umri wake. Aliniuliza kama mimi pia nimeajiriwa na wilaya siku hizi. Akalipa kwa akiba yake ya posta, na jioni ile ile akavuka lango kwenda kumtazama mtoto wa Lettie.

Februari walimwita mjini mbele ya kamati, akanichukua nikaeleze hali ya gari. Kulikuwa na meza ndefu na watu watano, Tranter pembeni na karatasi zake. Hakuna aliyeniuliza habari za gari.

"Umeendelea kuvuka," mwenyekiti alisema.

"Amri yenu inasema magari ya wilaya. Lile ni langu."

"Unaelewa vizuri tulichokusudia, Nesi. Tunataka uahidi hapa kwamba hutapanda tena wakati wa theluji. La sivyo tutalazimika kukuachisha kazi."

Nesi alikuwa amekaa kibegi chake kikiwa magotini. Alisimama.

"Nitaahidi," alisema. "Sasa hivi. Mmoja wenu aniambie tu kwamba yeye atapanda badala yangu. Mary Helliwell wa Slack Farm, juu ya lango, amebakiza siku tisa ajifungue, na huko theluji inafika dirishani. Nani aandikwe? Wewe, bwana?"

Mwenyekiti alitazama kalamu yake. Nesi aliwapitia kwa macho mmoja mmoja, bila haraka, kama anayehesabu watoto baada ya matembezi. Bibi mmoja aliinamisha kichwa. Mwingine alikohoa. Alipofika kwa Tranter, kijana yule alizipanga karatasi zake vizuri, akazifunika, akasema, "Mimi najua njia ilivyo, Bwana Mwenyekiti. Siwezi."

"Basi nitaendelea mimi," Nesi alisema, akaenda zake. Mwenyekiti alimwambia kikao hakijafungwa. Alimjibu akiwa mlangoni kwamba wakifunge wao, wana nafasi.

Barua ya kumwachisha kazi haikuja wiki ile, wala mwaka ule. Alipanda majira ya baridi kumi na moja zaidi, na akina mama wa juu ya lango walizalia vitandani mwao.