Rubani wa Kiti cha Kunyolea

Alikuwa kinyozi, lakini mtaa mzima ulimwita Rubani, ingawa ndege aliyowahi kuisogelea ni ile ya kwenye kalenda iliyobandikwa juu ya kioo chake. Kupanda hajapanda. Hata pasipoti hana. Ila mwulize nauli ya kwenda mji wowote duniani, atakutajia ya leo, ya jana na ya wiki iliyopita, mashine ikinguruma hewani na wewe umebaki na nywele upande mmoja. Watu wazima wamekaa kwenye kile kiti nusu saa nzima, kichwa hakijakamilika, wakifundishwa njia rahisi ya kwenda mahali wasikokwenda.

Na alikuwa na masharti kama ya mganga. Tiketi hainunuliwi ila Jumanne. Usitafute mara mbili kwa simu moja, maana mtandao utakutambua na kukukaba. Anza na miji usiyoitaka, uuzuge huo mtandao, halafu uuvamie ghafla mji unaoutaka. Kwa hiyo aliazima simu za wateja wake, akawamalizia bando, na wao wakamshukuru! Watu bwana.

Sasa mdogo wake wa kike, aliyeolewa ng'ambo, alikuwa na mimba ya kwanza. Daktari alimpangia upasuaji Ijumaa ya mwisho wa mwezi uliofuata. Mumewe ni baharia, na meli yake ingerudi mtoto ameshazaliwa. Kule hana shangazi, hana jirani, hana yeyote. Mtu aliyemtaka ni mama yake, na mama yao si mama wa hivi hivi: ni mkunga mstaafu, aliyewapokea nusu ya watoto wa mtaa ule, vikiwemo vichwa kadhaa ambavyo Rubani sasa anavinyoa. Viza ya mama ilikuwa tayari. Binti akatuma nauli kamili ya ndege ya moja kwa moja.

"Kaka, nunua leo," akamwambia kwa simu.

"Leo? Leo Alhamisi! Dada, unataka nichekwe?"

Basi akangoja Jumanne. Jumanne ikaja, bei ikashuka kidogo. "Inaanza kuogopa," akasema, akaiacha ishuke zaidi. Wiki iliyofuata ikapanda. "Inatutisha tu hiyo." Wala hakuwa mwizi, tusimsingizie. Senti moja hakuigusa. Alichotaka ni kumrudishia dada yake chenji pamoja na hotuba.

Nyumbani mama alishapanga begi: visweta vidogo alivyofuma mwenyewe, soksi zisizozidi kidole gumba, na kanga mbili za kumbebea mjukuu. Siku moja akauliza, "Mwanangu, hivi nasafiri lini?"

Rubani akaruka. "Shii! Mama, simu hiyo hapo mezani! Inasikia."

"Inasikia nini?"

"Inasikia hamu yako. Ikishajua una hamu, bei inapaa."

Basi mwanamke aliyewapigia kelele wazazi miaka thelathini, "Sukuma! Sukuma mama!", mpaka getini wakasikia, akaanza kunong'ona ndani ya nyumba yake. Akitaka kukunja visweta, kwanza anaifunika simu kwa mto. Alifanya hivyo kwa sababu alimwamini mwanawe. Hapo ndipo mtu unapotamani kumzaba Rubani kibao.

Zikiwa zimebaki siku chache, akaipata. Nusu bei! Ndege tatu, vituo viwili, kuondoka Jumatano, kufika Alhamisi jioni. Akabonyeza, akapiga makofi, akamnyoa bure mteja aliyekuwa kwenye kiti. Siku nzima aliyeingia mle kibandani alionyeshwa ile tiketi kwanza ndipo akaulizwa anataka mtindo gani.

Jumatano asubuhi wakafika uwanjani. Binti wa kaunta akaitazama tiketi, akamtazama mama, akaitazama tena tiketi.

"Mama, kituo cha pili unashukia uwanja mmoja, unapandia uwanja mwingine, upande wa pili wa mji. Kuupita ule mji lazima uwe na viza ya nchi ile. Unayo?"

Mama akageuka kumtazama mwanawe.

"Dada yangu," Rubani akaanza kwa sauti ya mtaalamu, "hii ni nusu bei."

"Naona, kaka. Ndiyo maana. Na imeandikwa hapa chini."

Chini! Yeye miaka yote amesoma juu, penye namba. Akatoa simu palepale kaunta, akatafuta bila kuzuga mtu. Ndege ya moja kwa moja ilikuwepo, siti mbili zimebaki, bei mara tatu ya ile ya Alhamisi aliyoambiwa anunue. Pesa iliyobaki haikuikaribia. Ile tiketi nayo hairudishwi pesa, na hilo pia limeandikwa chini.

Mama hakumgombeza. Alichukua begi lake kwenye mizani, akalivuta mwenyewe mpaka nje.

Ijumaa binti yake kule ng'ambo akapasuliwa, ameshikwa mkono na nesi asiyemjua jina. Jumanne ndipo akapata nguvu za kupiga simu ya picha. Rubani akakimbia nayo kutoka kibandani, akamwekea mama mbele ya uso. Mtoto wa kike, amejikunja, amefura kwa usingizi.

Midomo ya mama ikawa inacheza.

"Mama, sikusikii," binti akasema. "Mbona unanong'ona?"

"Kaka yako alisema simu inasikia."

"Sema kwa sauti, mama."

"Nilitaka kuja!" Mama akapaza sauti ile ya wodini, jirani akachungulia dirishani. "Nilitaka kuja tangu siku ya kwanza, mwanangu! Begi langu liko tayari!" Na machozi yakamtoka mbele ya mwanawe, bila kuyafuta.

Wakati huohuo simu ikalia ting, na tangazo likashuka juu ya kioo, likamziba mtoto uso. Ndege ya moja kwa moja. Bei imepungua kwa nusu, leo Jumanne tu.

"Ni nini hicho kimemfunika mjukuu wangu?" mama akauliza.

"Si kitu, mama," Rubani akasema, akakifuta kwa kidole.