Mtu wa Zakayo

Harufu ya mihogo iliyovundikwa ikinifikia, hata katikati ya kelele za soko la Kasulu, narudi kwenye sebule ya mama kule Heru Juu, likizo ya Desemba nilipokuwa darasa la sita. Mvua ilikuwa haikatiki, mihogo ikakosa jua, mama akaitandaza kwenye mikeka ndani ya nyumba, na sisi watoto tukafungiwa humo humo na uchachu wake. Ndipo binamu yangu Zakayo, mtoto wa mama mkubwa, akaja kutoka Kibondo na mchezo alioupata shule ya bweni. Ulitaka meza, dadu moja yenye nyuso nyingi kuliko ya ludo, na maneno. Kila mmoja alijitungia mtu na kumwendesha. Mimi nilikuwa Nyamwiza, binti wa mwami, yaani mfalme, aliyenyang'anywa kiti cha baba yake. Mapacha wa jirani, Bukuru na Butoyi, walikuwa walinzi wangu. Zakayo alikuwa msimulizi: mito, wezi, njaa na mwami mwizi vyote vilitoka kinywani mwake. Tulikubaliana kwamba Nyamwiza akifika kwenye kiti akiwa hai, likizo ijayo nitasimulia mimi. Akifa, Zakayo anaendelea. Niliutaka usimulizi ule kuliko nguo za sikukuu.

Mambo yangekuwa shwari kama Zakayo asingejiwekea mtu wake mwenyewe. Alimwita Kagoma, mwindaji, eti sisi tuko wachache na tunahitaji msaada. Nilimtilia shaka toka siku ya kwanza. Tukipotea msituni, Kagoma ndiye aliyekumbuka njia. Mkuki ukiokotwa, ulikuwa wa kumfaa mwindaji. Chui akiruka, alimrukia Butoyi. Ningeshangaa nini? Aliyemficha chui na aliyeokoka walikuwa wamekaa kwenye kiti kimoja. Nikaanza kumchunguza Zakayo mikono, macho, hata alivyomeza mate kabla ya kusema. Akitabasamu nilijua kuna jambo. Asipotabasamu nilijua analificha. "Kaka Zaka, unampendelea mtu wako," nilimwambia. "Dadu ndiyo inayosema, si mimi," alijibu, naye ndiye aliyekuwa akiamua dadu irushwe lini.

Likizo ikielekea ukingoni, tulifika uani kwa mwami mwizi. Zakayo akasimulia kwamba mwami hataki vita: amemtuma mtumishi na kibuyu cha pombe ya ndizi na mrija wake, tunywe tupatane, kisha Nyamwiza akabidhiwe kiti. Bukuru akapiga makofi. Kwetu hata mtoto anajua kwamba anayekukaribisha pombe huvuta mrija kwanza yeye, umwone akimeza, ndipo akupe. Mtumishi huyu aliweka kibuyu chini akaondoka. Zakayo alikuwa amesahau desturi, au alisimulia hivyo makusudi?

"Mwenye nyumba aonje kwanza," nilisema.

"Mwami yuko ndani, hatoki."

"Simsemi mwami. Nyumba hii ni yako kaka, na pombe umeipika wewe. Kagoma aonje."

Niliona nimembana: akikataa, kibuyu kina sumu, akikubali, ni salama, tunywe. Njia ya tatu sikuwa nimeifikiria. Zakayo alinitazama, dadu ikiwa mkononi, kisha akasema taratibu, "Ego, sawa. Kagoma anashika mrija. Anakunywa." Na bila kurusha chochote akaongeza, "Anashika tumbo. Anaanguka. Kagoma amekufa." Machozi yakamlengalenga, kijana mzima wa kidato cha pili. Baada ya hapo hakutuwekea kikwazo chochote. Nyamwiza akakaa kwenye kiti cha baba yake, na Zakayo akaniwekea dadu kiganjani. Sikufurahi hata kidogo, niliogopa.

Leo Zakayo ananunua maharage Kibondo. Nampelekea magunia yangu, na macho yangu yako kwenye mizani kabla salamu hazijaisha. Siku hizi nakaa kwenye vikao ambamo anayegawa ndiye huyo huyo anayegawiwa, nasi watu wazima tunatazama mezani, hakuna anayethubutu kumwambia aonje kwanza. Kwenye sebule ile tulikuwa watoto, na tulithubutu. Mwaka jana nilimuuliza: ile sumu ilikuwemo toka mwanzo, au uliitia niliposema mimi? Alicheka, akaniuliza kama mvua imefika Heru Juu. Kama ilikuwemo, basi alikusudia Nyamwiza anywe afe, yeye Zakayo abaki na usimulizi wake. Kama aliitia pale pale, basi alimuua mtu wake aliyempenda ili nimwamini. Nimemjua maisha yangu yote, na sijui kama siku ile nilimponyoka au alinipenda.